ANDIKA USINGIZI WAKO, NDUGU MWENYE MAUMIVU



Naomba nafasi kidogo katika karatasi yetu hii niseme juu ya jambo ambalo watu wengi kazini hulicheka, nalo ni usingizi. Ukisema asubuhi kwamba hukulala, mmoja atakuuliza ulikuwa kilabu gani, na mwingine atasema umeoa mke wa pili. Mimi sikuwa kilabuni, wala sina mke wa pili. Nilikuwa kitandani nikigeuka huku na huku mpaka jogoo wakawika, kwa sababu ya mgongo.

Mimi ni mtu wa njia. Kazi yangu ni mtalimbo, sururu, kokoto na mataruma. Waingereza huliita taruma kwa neno lenye maana ya mlalaji, na kweli hulala usiku na mchana chini ya reli, lakini anayelibeba halali. Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kazi ya njia imekuwa kazi ya migongo. Mgongo wangu ulianza kuuma miaka mitatu iliyopita, tulipokuwa tukibadilisha mataruma wakati wa mvua. Nilidhani utapona kwa juma moja. Haujapona mpaka leo.

Mwaka jana nilikwenda kwa daktari. Akaniuliza, "Unalalaje?" Nikamjibu, "Daktari, mimi silali kabisa." Akaniangalia kwa upole akasema, "Ndugu, mtu asiyelala kabisa hawezi kufika hapa kwa miguu yake. Chukua daftari, uandike usingizi wako siku kumi na nne, kisha urudi." Nilitoka nimekasirika. Nilijisemea, nimekuja na mgongo, yeye anipa kazi ya karani.

Njiani nikafikiri tena. Sisi tunajua kupima. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ile mpya ya kutoka Mombasa ina milimita 1,435. Mkaguzi akija, huwezi kumwambia kwamba reli "imepanuka sana." Atakuuliza imepanuka milimita ngapi, na mahali gani. Ukikosa hesabu, neno lako ni kelele tu. Basi kwa nini nitake daktari aamini maneno "silali kabisa," hali mimi mwenyewe nisingemkubalia mwenzangu neno kama hilo juu ya reli?

Neno langu leo ni hili: mfanyi kazi mwenye maumivu ya siku nyingi apime usingizi wake na auandike mwenyewe, na daftari hilo liwe mali yake, si mali ya mkubwa wa kazi. Sehemu hizo mbili hazitengani.

MAUMIVU NA USINGIZI

Kwanza tujue tunasema juu ya watu gani. Madaktari husema maumivu ni ya kudumu yakipita miezi mitatu, yakienda na kurudi au yakikaa tu. Si sisi wachache. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaowalemaza watu wengi kuliko huo.

Katika watu wenye maumivu ya kudumu, nusu au zaidi hulala vibaya. Hilo halishangazi, kwa maana kila mtu ajua kwamba maumivu huondoa usingizi. Lakini kuna upande wa pili ambao mimi sikuujua. Mwaka 1975 daktari mmoja wa Toronto, Kanada, jina lake Harvey Moldofsky, pamoja na wenzake, waliwachukua watu wazima wa afya wakawasumbua kwa kelele kila walipozama katika usingizi mzito. Watu wale hawakubeba mzigo wo wote, lakini asubuhi waliamka misuli inawauma. Tangu siku hizo wataalamu wengine wamechunguza jambo hili mara nyingi. Wengi wao sasa waona kwamba usiku mbaya huleta maumivu ya kesho kwa nguvu kuliko maumivu ya leo yanavyoleta usiku mbaya.

Maana yake ni kwamba usingizi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mtu akitibiwa mgongo na usingizi ukaachwa, ni kama kubadilisha taruma moja na kuacha maji yakila tuta chini yake.

NJIA ZA KUPIMA

Usingizi hupimwa kwa njia nne, na kila moja ina kasoro yake.

Ya kwanza ni kulala hospitalini ukiwa umefungwa nyaya kichwani, kifuani na miguuni, na mashine ikiandika mwendo wa ubongo, pumzi na moyo. Hiyo ndiyo inayojua hakika kama umelala, na hufaa sana kwa mtu anayekatikiwa na pumzi usiku. Lakini ni ghali, na usiku mmoja katika kitanda cha kigeni haufanani na usiku wako wa kawaida.

Ya pili ni saa ya mkononi inayohesabu mienendo ya mkono. Mkono ukitulia, huandika kwamba umelala. Huvaliwa nyumbani siku nyingi, na hilo ni jema. Lakini wenye maumivu waiangalie vizuri. Mara ngapi umelala macho wazi, hutikisiki hata kidogo, kwa kuogopa kuuamsha mgongo? Saa ile itasema ulikuwa katika usingizi mtamu.

Ya tatu ni karatasi za maswali. Inayojulikana sana ilitoka katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, mwaka 1989, kazi ya Daniel Buysse na wenzake. Huuliza juu ya mwezi uliopita: ulipanda kitandani saa ngapi, ulikawia kiasi gani kupata usingizi, uliamshwa na nini, na miongoni mwa sababu yametajwa maumivu. Hesabu yake huanza 0 hata 21, na mtu akipita 5 huhesabiwa kuwa halali vizuri. Nyingine ilitungwa na Murray Johns katika hospitali ya Epworth, Melbourne, mwaka 1991. Hiyo huuliza kama waweza kusinzia mchana katika mambo manane, kama kusoma, kuketi katika gari, au kuongea na mtu. Hesabu yake ni 0 hata 24, na aliyepita 10 ana usingizi wa mchana kupita kiasi.

Karatasi hizo ni nzuri, lakini zilitungwa mbali nasi. Ile ya Pittsburgh huuliza saa yako ya kawaida ya kulala. Mtu wa zamu hana saa ya kawaida. Juma hili alala usiku, juma lijalo alala mchana watoto wakicheza mlangoni. Akijibu kwa saa moja tu, amesema uwongo bila kutaka.

Ya nne ni daftari. Haina mashine wala haina gharama, na kwa mtu kama mimi naona ndiyo ya kuanzia.

DAFTARI LENYEWE

Chukua daftari la shule. Kila siku ukiamka, andika mambo haya: saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulipata usingizi, uliamka mara ngapi na kwa sababu gani, jumla ulikaa macho muda gani, saa uliyoamka mwisho, saa uliyotoka kitandani. Kisha andika maumivu ya asubuhi, 0 ikiwa hakuna, 10 ikiwa hayavumiliki. Jioni ongeza zamu uliyofanya, dawa ulizokunywa, chai au pombe, na kama ulilala mchana.

Usiandike usiku, wala usitazame simu kila unapozinduka. Mtu anayehesabu saa gizani hujifukuzia usingizi. Kisia tu asubuhi. Daktari ataka kuona mwendo wa majuma mawili, wala hatafuti dakika.

Jihadharini na jambo moja ambalo lilinikosesha mimi. Karatasi nyingi hufuata saa ya Kiingereza, na sisi twahesabu saa kwa Kiswahili. Mimi niliandika kwamba nalala "saa 4." Karani mmoja akasoma saa kumi alfajiri, akadhani mimi ni mlinzi wa usiku. Yafaa uandike saa nne usiku, au uandike kama katika kitabu cha treni, 22.00, na ufuate mtindo mmoja mpaka mwisho.

Nitawapa mfano wa usiku wangu mmoja. Nilipanda kitandani saa nne usiku. Nilipata usingizi saa tano na nusu. Mgongo ukaniamsha saa nane, nikakaa macho mpaka saa tisa. Nikalala tena hata saa kumi na moja alfajiri, nikatoka kitandani. Basi kitandani nilikaa saa saba. Usingizi ulikuwa saa mbili na nusu, kisha saa mbili, jumla saa nne na nusu. Gawanya nne na nusu kwa saba, utapata 64 kwa mia. Wataalamu hupenda ifike 85 kwa mia au zaidi. Kumbe sikuwa mtu "asiyelala kabisa." Nilikuwa mtu wa 64 kwa mia, na hilo daktari aliweza kulishika.

NILIYOYAONA

Daftari lilinionyesha mambo matatu, na si yote yaliyonipendeza.

La kwanza, nilidhani usiku mbaya hufuata siku ya kubeba mizigo mizito. Haikuwa hivyo kila mara. Usiku mbaya kuliko zote ulikuwa ule wa kubadilisha zamu, hasa tulipoambiwa jioni kwamba kesho twaanza alfajiri.

La pili, baada ya usiku chini ya saa tano, maumivu ya asubuhi yalikuwa 7 au 8. Baada ya usiku wa saa sita, yalikuwa 4 au 5. Mgongo ulikuwa ule ule na kazi ile ile.

La tatu lilikuwa kosa langu mwenyewe. Siku ya mapumziko nilikuwa nikilala mchana saa tatu nzima, kisha usiku nalaumu mgongo. Tena nilikuwa nimezoea chupa moja au mbili za kulainisha mwili. Pombe hukulaza upesi, kweli, lakini hukuamsha usiku wa manane. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu, nikakosa la kubisha.

Daktari aliposoma hakuniongezea vidonge. Aliniambia niamke saa ile ile kila siku kwa kadiri zamu inavyoruhusu, nipunguze usingizi wa mchana uwe nusu saa, na nikikosa usingizi nisipigane na kitanda, niinuke niketi kidogo kisha nirudi. Mambo ya namna hiyo yakifuatwa kwa utaratibu ni tiba yenye jina lake, na mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani kilishauri ianze kabla ya dawa za usingizi. Sehemu moja ya tiba hiyo ni kupunguza muda wa kukaa kitandani. Hiyo dereva au mtu wa ishara asiifanye peke yake bila daktari, kwa maana siku za kwanza huongeza kusinzia.

Sijapona. Lakini nimetoka 64 nimefika 78 kwa mia, na asubuhi nyingi naweza kufunga kamba za viatu bila kuketi chini.

KWETU MASARA

Nilipokwenda livu kwetu Masara, upande wa Migori, nilitazama watu kwa macho mapya. Wengi pale huchimba dhahabu. Mchimbaji huinama shimoni, hubeba mawe, huyaponda, na usiku hulala chini juu ya mkeka. Ukimwuliza hali atasema, "Ni mgongo tu." Hakuna anayemwuliza alilala saa ngapi.

Kuna na wengine. Pande zetu za ziwa ugonjwa wa selimundu ni mwingi, kwa sababu tangu kale malaria ilikuwa nyingi, na mtoto aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga ya malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Mtoto huyo huumwa mifupa, na mara nyingi ni usiku. Jirani yetu mmoja ana mtoto wa namna hiyo. Mama huyo aliniambia, "Baba, tukifika hospitali naulizwa mtoto aumwa tangu lini. Nasema tangu zamani, wala sijui niseme nini tena." Nyumba yake haina saa ya ukutani, na simu huzimika kwa kukosa moto. Tukapatana hivi: aweke alama moja katika kalenda kila mtoto anapoamka kwa maumivu, mbili akilia mpaka jogoo wa kwanza, na tatu pasipopatikana usingizi hata kulipokucha. Hiyo nayo ni kupima. Asiyejua kuandika aweza kuchora mstari.

Nasema haya ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba kupima usingizi ni mambo ya wenye nafasi. Chumba kimoja, watoto wanne, neti moja iliyotoboka, maumivu: hayo yote yafaa kuandikwa. Daktari akisoma "niliamshwa na mbu" mara tisa, huenda dawa ya kwanza ni neti.

DAFTARI NI LA NANI?

Sasa nafika penye ugomvi. Nilipoeleza mambo haya katika gengi letu, mwenzetu mmoja wa makamo aliniambia, "Kijana wangu, wewe wachonga fimbo ya kutupigia. Andika kwamba hulali, kesho wataambiwa wasinziao watoke."

Sikumdharau. Namfahamu mtu aliyesinzia kando ya njia wakati wa chakula, akapewa barua ya onyo. Alikuwa na goti bovu mwaka mzima, na hakulala vizuri tangu goti lilipoharibika. Hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Barua ilisema "uvivu," na neno hilo ndilo lililobaki katika faili yake. Kwa hiyo kutokuandika hakukumlinda. Waliandika wengine kwa niaba yake.

Lakini hofu ya mzee wetu ina msingi. Daftari likiingia mikononi mwa mkubwa wa kazi laweza kugeuka. Na zaidi ya daftari kuna ile saa ya mkononi. Mahali pengine duniani wenye kampuni wameanza kuwavisha wafanyi kazi vyombo vya kupima uchovu, hasa madereva. Nimewaambia kasoro ya saa hiyo kwa mtu mwenye maumivu: hulala macho, nayo husema amelala. Mkubwa atamwambia, "Saa yako yasema ulilala saa saba, mbona wachoka?" Hapo chombo kimekuwa shahidi wa uwongo.

Tena, maswali ya kusinzia yakitumiwa kumfukuza mtu, kila mtu atajibu sifuri. Chombo kitakuwa kimekufa, na hatari itabaki pale pale juu ya reli.

Maana hatari ipo, wala tusiifiche. Dereva aliyesinzia, au mtu wa ishara aliyesinzia, aweza kuua watu ambao hawajamkosea. Chama kisichosema hivyo hakistahili kuaminiwa. Kwa sababu hiyo twataka mtu aweze kusema, "Leo sikulala, nipeni kazi nyingine," bila kuogopa kukosa mshahara.

Sheria iko upande wetu kwa sehemu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeweka habari za afya ya mtu miongoni mwa habari nyeti, zisizochukuliwa ovyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatoa siku moja ya mapumziko angalau katika kila siku saba. Yatoa pia siku za ugonjwa: kwa aliyetumika miezi miwili mfululizo, siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu, katika muda wa miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Angalieni neno hilo, cheti. Daktari huandika vizuri zaidi akiwa na kitu mbele yake.

CHAMA KIFANYE NINI

Naleta mambo manne, wanachama wayazungumze katika matawi.

Moja, karatasi yetu hii ichapishe ukurasa mmoja wenye mistari ya siku kumi na nne, kwa saa za Kiswahili, mtu aweze kuukata na kuutumia.

Mbili, tawi lisikusanye kurasa hizo. Kila mtu akae na wake, aupeleke kwa daktari anayemtaka. Chama kikitaka hesabu, kiulize mambo mawili tu bila jina: una maumivu ya zaidi ya miezi mitatu? Ulilala saa ngapi juma lililopita?

Tatu, katika mapatano na wakubwa tudai kwamba zamu zijulikane siku kadhaa mbele, na kwamba asiye na usingizi kwa sababu ya ugonjwa apewe kazi nyepesi kwa muda.

Nne, tusikubali chombo cho chote cha kupima usingizi kivaliwe kwa amri ya kazi, mpaka iandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili: nani atasoma, atasoma nini, na kwamba hakitatumika kumwadhibu mtu.

Mzee wetu wa gengi bado hajakubali. Lakini juzi alinivuta kando, akaniuliza daftari la shule lauzwa bei gani siku hizi. Nikamwambia nitamletea langu la pili, bado ni jeupe.

Ni mimi ndugu yenu,
Mtu wa njia, wa Masara